Philip Waruinge na Kura Moja

Msafiri atokaye Bahati kwenda mjini Nakuru huyaacha nyuma mashamba ya mahindi na viazi, akapita kando ya mlima Menengai, na baada ya mwendo mfupi akauona mji umelala baina ya mlima na ziwa. Wanafunzi wengi wa kwetu huipita njia hiyo, wala hawajui ya kuwa katika mji ule palikuzwa bondia aliyepata sifa ulimwenguni kote. Siku moja niliuliza darasani ni nani amjuaye Kipchoge Keino. Mikono yote ikainuka. Nikauliza habari za Philip Waruinge, hakuna aliyejibu. Yafaa basi tumkumbuke, maana maisha yake yatufundisha jambo ambalo hesabu ya medali peke yake haiwezi kutufundisha.

Kwanza tutambue kwamba michezo ni ya namna mbili. Iko michezo inayohukumiwa kwa saa au kwa kamba ya kupimia: mkimbiaji akifika wa kwanza hapana ubishi. Iko na michezo inayohukumiwa kwa macho ya watu. Msichana anayecheza na utepe na mpira kwa kufuata muziki hana saa ya kumtetea. Hana budi kungoja waamuzi waseme. Ndondi nazo zimo katika kundi hilo. Zamani zile, mabondia wa ridhaa walipigana raundi tatu za dakika tatu tatu, na ikiwa hakuna aliyeangushwa, waamuzi watano walitoa kura zao.

Waruinge alizaliwa mwaka 1945. Alipigana katika uzani wa unyoya, yaani wa watu wasiozidi kilo 57. Mwaka 1964, Kenya ikiwa bado changa katika uhuru wake, alikwenda Tokyo kwenye Michezo ya Olimpiki, akarudi bila medali. Hakukata tamaa. Mwaka 1966 alishinda dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Kingston, nchini Jamaica.

Mwaka 1968 akafika Mexico. Katika nusu fainali alikutana na Antonio Roldán, mwenyeji wa nchi ile, ukumbi umejaa watu wa kwao. Raundi tatu zilipokwisha, waamuzi watatu walimpa Roldán ushindi na wawili wakampa Waruinge. Kura moja tu ndiyo iliyowatenga! Roldán akasonga mbele, akapata dhahabu pale mpinzani wake Mmarekani alipoondolewa mchezoni kwa kosa la kugonga kwa kichwa. Waruinge akapewa shaba. Kati ya medali 9 ambazo Kenya ilipata mwaka ule, 8 zilitoka katika riadha; ya tisa ilikuwa hiyo yake.

Lakini habari haikuishia hapo. Katika Olimpiki za wakati ule ilitolewa Tuzo ya Val Barker kwa bondia aliyeonyesha ufundi ulio bora kuliko wote, wa uzani wowote. Kwa kawaida tuzo hiyo iliwaendea waliopata dhahabu. Mwaka 1968 alipewa Waruinge, mwenye shaba. Mabingwa wote wa dhahabu, hata Roldán aliyemshinda, hawakuipata. Basi tujiulize: ni nani aliyeshinda?

Pengine msomaji atasema kwamba waamuzi walimpendelea mwenyeji. Hayo ni rahisi kusema, lakini si rahisi kuyathibitisha. Waamuzi wawili waliona hivi na watatu wakaona vile, na macho ya watu waaminifu huweza kutofautiana. Mwenye kusoma historia hana budi kuzishika habari zote mbili pamoja: kwamba Waruinge alishindwa, na kwamba ufundi wake ulisifiwa kuliko wa wote. Moja haifuti nyingine.

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Waruinge alirudi ulingoni. Mwaka 1970 alishinda tena dhahabu ya Jumuiya ya Madola, safari hii mjini Edinburgh, alipomshinda Deogratias Musoke wa Uganda katika fainali. Mwaka 1972 alikwenda Munich, akafika fainali ya Olimpiki. Mpinzani wake alikuwa Boris Kuznetsov wa Urusi ya Kisovieti. Kura zikahesabiwa: tatu kwa mbili, naye akawa upande wa mbili. Kwa mara ya pili kura moja ilimnyima! Alirudi na fedha. Hata hivyo, hakuwa peke yake tena, kwani Samuel Mbugua na Dick Murunga nao walileta shaba za ndondi mwaka ule.

Baadaye alikwenda Japani, akapigana ndondi za kulipwa kwa jina la Waruinge Nakayama. Mwaka 1976 aliwania ubingwa wa dunia nchini Panama dhidi ya Rigoberto Riasco, asiupate. Alifariki mwaka 2022. Dhahabu ya Olimpiki katika ndondi ilifika Kenya mwaka 1988, Robert Wangila alipoishinda huko Seoul, katika njia ambayo Waruinge na wenzake walikuwa wamekwisha kuifyeka.

Wengine husema Waruinge alikosa bahati. Labda. Lakini bahati haikumfikisha Mexico wala Munich, wala haikumpa ile tuzo ya ufundi. Kura ilikuwa mikononi mwa waamuzi. Ufundi ulikuwa mikononi mwake. Nawe, mwanafunzi, utakaa mbele ya watahini, na huenda siku moja ukakosa alama moja tu. Siku hiyo uliza kwanza kama kazi yako ilikuwa njema. Ikiwa ilikuwa njema, rudi ulingoni.