Angaine: Waziri wa ardhi aliyeitwa 'Mfalme wa Meru'

JACKSON Harvester Angaine, aliyefariki mwaka wa 1999, ndiye aliyekuwa Waziri wa Ardhi na Makazi katika baraza la kwanza la Mzee Jomo Kenyatta.

Mwana huyo wa chifu aliingia katika siasa kupitia chama cha KAU, na wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka wa 1952, wakoloni wakamtia kizuizini.

Wizara aliyokabidhiwa mwaka wa 1963 ilikuwa nzito. Wakulima wa Mlima Kenya walikuwa wamepigania ardhi. Sasa walitakiwa kuinunua. Katika mpango wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka wa 1962, serikali ilinunua mashamba ya walowezi kwa fedha zilizokopwa, hasa Uingereza, na kuzipa makao familia zipatazo 35,000, nazo zikabebeshwa deni. Wengi waliotoka msituni mikono mitupu waliambulia patupu. Lawama hiyo, kwa haki, si ya Angaine peke yake: sera ilikuwa ya serikali nzima.

Mwaka wa 1976 alijiunga na wanasiasa waliotaka katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais, Daniel arap Moi, asirithi kiti moja kwa moja Kenyatta akifariki. Walishindwa. Moi alipotawala mwaka wa 1978 hakumfuta kazi; wapiga kura wa Meru ndio waliomwangusha mwaka wa 1979, kisha wakamrudisha bungeni mwaka wa 1983.