Suluhu ya Vienna



Nilipokuwa kidato cha tatu, bwenini kwetu suluhu ilihesabiwa kuwa aibu. Jioni moja rafiki yangu aliniomba tumalize sataranji sare. Nikakataa, nikalazimisha, nikafungwa. Kwa hasira nikazimwaga kete sakafuni. Hatukusemezana muhula mzima.

Baadaye, nikiwa mtumishi wa Serikali, nilisoma habari za mchezo uliochezwa Vienna, Austria, mwaka 1872. Wachezaji wake walikuwa watu wenye kazi zao. Carl Hamppe alikuwa ofisa wa serikali. Philipp Meitner alikuwa mwanasheria. Binti yake Meitner, Lise, aliyezaliwa mwaka 1878, ndiye aliyeshirikiana na mtoto wa dada yake, Otto Frisch, kueleza mwaka 1939 jinsi kiini cha atomu kinavyopasuka.

Meitner alicheza kwa kujitoa mhanga. Alitoa askofu, akatoa malkia, akatoa na farasi wote wawili, ili amvute mfalme wa Hamppe kutoka ngomeni mwake. Mfalme akavuka ubao hadi mlangoni kwa adui, huku jeshi lake kubwa likiwa bado limelala kambini. Kwa hesabu ya kete Hamppe alikuwa tajiri. Malkia wake hakuwa ameguswa. Lakini askofu wa mwisho wa Meitner akamtishia mfalme. Kumla askofu yule ni kufungwa. Kurudi nyuma ni kufungwa vilevile. Meitner naye angeacha kutishia, asingebakiwa na kitu. Basi askofu akawa anakwenda na kurudi, mfalme naye hivyo hivyo. Hatua ya 18 wakakubaliana suluhu.

Ndugu wasomaji, hiyo haikuwa suluhu ya waoga. Kila mmoja alikwisha kutumia alichonacho, kisha akatambua mpaka wa nguvu zake. Kazini nimekaa katika vikao vingi vya kusuluhisha migogoro, na nimeona kuwa kutambua mpaka huo ni kazi ngumu kuliko kushambulia. Mimi nililijua hilo nikiwa nimekwisha kumpoteza rafiki.

Naye amealikwa mkutanoni mwaka huu. Nitakuja na ubao kwapani. Safari hii akiniomba sare, nitampa mkono.