Kiswahili cha Nyimbo na Mwanafunzi wa Gisenyi

Sisi walimu wa Kiswahili wa Gisenyi, katika wilaya iitwayo sasa Rubavu, tumezoea kutia wino mwekundu juu ya maneno kama "batoto", "bintu" na "katoto". Mwanafunzi akiulizwa ameyapata wapi, hujibu bila kusita: katika nyimbo, na kwa jirani zetu wa Goma. Yafaa basi tuitazame historia ya lugha hiyo kabla ya kuihukumu.

Kiswahili kilifika Kongo na misafara ya biashara ya karne ya 19, kikastawi katika migodi ya Katanga. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière iliajiri wafanyakazi hata kutoka Ruanda-Urundi. Watu wa makabila mengi wakakisema kwa mazoea ya lugha za mama zao: ba- mahali pa wa-, bi- mahali pa vi-, ka- na tu- kwa vitu vidogo. Mwaka 1971 mtaalamu Edgar Polomé aliiita lugha hiyo krioli, ingawa wataalamu wengine hawakukubaliana naye. Kwa Kiswahili hicho hicho Mwenda Jean Bosco aliimba baadhi ya nyimbo zake; kibao chake "Masanga" kilirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, na gitaa lake likasikika hadi Nairobi.

Msikilizaji wa Pwani huenda akaona makosa matupu. Mnyarwanda husikia sauti ya nyumbani, kwani naye husema abantu, ibintu, akana na utwana. Tukumbuke pia kwamba Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu mwaka 1928, na kamati ya lugha ilipoundwa mwaka 1930, kazi hiyo ilihusu Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Rwanda na Kongo, zilizokuwa chini ya Wabelgiji, hazikuwamo.

Kwa miaka mingi Kiswahili nchini mwetu kilidhaniwa kuwa lugha ya wageni na ya sokoni. Mwaka 2017 Bunge lilikipitisha kuwa lugha rasmi. Lakini mtoto wetu alikuwa amekwisha kukipenda katika nyimbo. Tukimwambia kwamba Kiswahili hicho ni kibovu, ataamini mojawapo ya mambo mawili: kwamba Kiswahili si chake, au kwamba lugha ya mama yake ndiyo inayokiharibu. Tunakiri kwamba baadhi yetu tumekwisha kuwafundisha hivyo bila kukusudia.

Hatusemi kwamba Sanifu iachwe. Mtihani huidai, na ndiyo inayotuunganisha na Dar es Salaam na Mombasa. Twasema tu kwamba tuandike ubaoni safu tatu, abantu, batu, watu, na mwanafunzi aione njia mwenyewe. Wahenga walisema: mwacha asili ni mtumwa. Tusiwe sisi walimu wa kumfundisha mtoto kuiacha yake.