Upinde wa Waata na Uwindaji wa Ndovu

Wengi walioandika habari za Waata, wawindaji wa nyika ya Tsavo na Galana waitwao pia Waliangulu, wameutaja sana uchungu wa mishale yao na kuusahau upinde. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba viwili hivyo havitengani. Uchungu huo, uliopikwa kutokana na miti ya jamii ya Acokanthera, husimamisha moyo. Lakini hauui mpaka ufike katika damu, na ngozi ya ndovu ni nene. Kwa hiyo Waata walichonga upinde mrefu uliohitaji nguvu ya zaidi ya ratili 100 kuuvuta, sawa na pinde za vita za Waingereza wa kale. Mwindaji alinyemelea hadi karibu kabisa, akalenga tumbo, si kichwa. Kijiti cha chembe kilichopakwa uchungu kilizungushiwa ngozi nyembamba, usikauke.

Msako wa miaka ya 1956 na 1957 uliwatia wengi wao gerezani kwa jina la majangili. Mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku Kenya nzima. Sheria ilikuwa na hoja yake. Hata hivyo, mwanaisimu aandikaye “jangili” pasipo kuandika “fundi” ameihifadhi nusu tu ya historia.