Mzazi, Mkunga na Metida: Historia ya Kujifungulia Nyumbani katika Wilaya za Mbulu na Hanang

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya uzazi wa nyumbani na utunzaji wa mama na mtoto mchanga katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, tangu katikati ya karne ya 20 hadi mwaka 2022. Hoja kuu ni kwamba mabadiliko yaliyotokea hayakuwa safari moja iliyonyooka kutoka nyumbani kwenda hospitalini. Kilichohama ni tendo la kujifungua. Kipindi kinachofuata tendo hilo, ambacho Wairaqw na Wadatooga walikiwekea kanuni nzito, kilibaki nyumbani bila kupata jina katika Kiswahili cha sera. Makala yanaonesha kuwa pengo hilo la msamiati linakwenda sambamba na pengo la huduma.

1. Utangulizi

Katika takwimu za afya nchini Tanzania, mwanamke huhesabiwa ama amejifungulia nyumbani ama amejifungulia katika kituo cha afya. Kitenzi hicho kinastahili kutazamwa kwa makini. Kujifungua ni kitenzi cha kujirejea: mwanamke ndiye mtenda na ndiye mtendwa. Kinapoongezwa kauli ya kutendea na kuwa kujifungulia, mzigo wa maana huhamia kwenye mahali. Swali la mhesabu linakuwa "wapi?", na likishajibiwa, habari ya mama inafungwa.

Kwa jamii za Mbulu na Hanang, "wapi?" lilikuwa swali mojawapo tu, wala halikuwa kubwa kuliko yote. Maswali mengine yalihusu nani anaruhusiwa kuingia, mama atatengwa kwa muda gani, atakula nini, na nani atatangaza kwamba sasa amerudi miongoni mwa watu. Historia ya uzazi ikiandikwa kwa kufuata swali la mahali peke yake, wanawake wa eneo hili huonekana kama watu waliochelewa kufika hospitalini. Ikiandikwa kwa kufuata maswali hayo mengine, picha hubadilika.

2. Nyumba na kanuni zake

Mkoa wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002 kutokana na Mkoa wa Arusha, na Wilaya ya Hanang hapo awali ilikuwa sehemu ya Mbulu. Wenyeji wake wengi ni Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi, na Wadatooga, hususan Wabarabaig, ambao lugha yao ni ya Kiniloti cha Kusini. Kiswahili cha mitaani kiliwaita wa kwanza "Wambulu" na wa pili "Wamang'ati", jina la pili likitokana na neno la Kimaasai lenye maana ya adui. Ni muhimu kukumbuka hilo, kwa kuwa lugha iliyowapa watu hawa majina ya wageni ndiyo iliyokuja baadaye kuzipa majina desturi zao za uzazi.

Kwa Wairaqw, Thornton (1980) ameeleza hali ya metimani, yaani kutengwa kiibada kwa mtu au nyumba iliyoguswa na tukio la hatari. Kwa Wadatooga, Blystad, Rekdal na Malleyeck (2007) wamechambua metida, dhana inayounganisha kutengwa, kulindwa na kuepukwa. Dhana hizi huhusu mipaka ya uhai, yaani uzazi na kifo, na huwa nzito zaidi pale mimba inapoharibika au mtoto mchanga anapofariki. Mimba ya msichana asiyeolewa nayo iliogopwa na Wairaqw, kwa sababu madhara yake yaliaminika kuigusa aya nzima, yaani eneo la kijamii na la kiibada, pamoja na mvua yake.

Mambo mawili yanajitokeza hapa. Kwanza, kutengwa hakukuwa adhabu tu. Mama aliyetengwa aliondolewa kazi za shambani, za mifugo na za kuchota maji, na wanawake wengine walilazimika kuzibeba kazi hizo. Chakula chake, hasa maziwa, siagi na uji, kilikuwa deni la nyumba na la ujirani. Pili, kanuni hizo zilikuwa na wasimamizi. Klima (1964) ameeleza baraza la wanawake wa Kibarabaig, girgwageda gademga, lililoweza kumshtaki na kumtoza faini mwanamume aliyevunja haki za wanawake. Kwa hiyo, nyumba ya uzazi haikuwa mahali pasipo na taasisi.

Hata hivyo, si sahihi kuipamba hali hiyo. Mama aliyefiwa na mtoto mchanga aliweza kubeba msiba wake akiwa pia mtu wa kuepukwa. Aliyetokwa na damu nyingi usiku, mbali na barabara, hakuwa na msaada zaidi ya ule uliokuwamo ndani ya nyumba. Kanuni zilizomlinda na kazi hazikuweza kumlinda na kondo la nyuma lililokataa kutoka.

Mtoto naye aliingia katika jamii kwa njia ya lugha. Majina mengi ya Kidatooga hubeba viambishi Gida- kwa wavulana na Uda- kwa wasichana, yakifuatiwa na shina linaloweza kukumbusha mazingira ya kuzaliwa. Wasomaji wengi wamekisikia kiambishi cha kwanza katika jina la Gidamis Shahanga, mshindi wa mbio za marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1978. Kwa Wairaqw, majina kama Tluway (mvua) na Bura (pombe) ni kumbukumbu za namna hiyo hiyo. Jina Safari, ambalo ni la kawaida sana Mbulu, linaonesha kuwa Kiswahili kiliingia katika hazina hiyo bila kuivunja. Majina haya ni nyaraka: katika nyumba zisizokuwa na cheti cha kuzaliwa, jina ndilo lililohifadhi habari za siku ile.

3. Hospitali, vijiji na ngano

Mwaka 1955 Wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwei walifungua hospitali Haydom, kusini-magharibi mwa mji wa Mbulu, mahali ambapo makazi ya Wairaqw waliokuwa wakihama kutoka Irqwa Da'aw yalikutana na malisho ya Wadatooga. Kwa mara ya kwanza upasuaji wa kumtoa mtoto uliweza kufanyika karibu na vijiji hivyo. Lakini "karibu" ni neno la ramani. Kwa mwanamke aliyeshikwa na uchungu wakati wa masika, mito ikiwa imejaa, hospitali ilibaki mbali.

Miongo miwili iliyofuata iligusa uzazi kwa njia zisizotajwa sana katika historia ya tiba. Operesheni ya vijiji, iliyofikia kilele kati ya mwaka 1974 na 1976, ilisogeza nyumba zilizokuwa zimetawanyika. Utengano wa mzazi ulitegemea nafasi, yaani njia yake na uwanja wake. Nyumba zilipokaribiana, kanuni hizo zilikuwa ngumu kutekelezwa hata kwa waliotaka kuzishika.

Upande wa Hanang, mashamba makubwa ya ngano yaliyoanzishwa kuanzia mwaka 1970 katika tambarare za Basotu kwa msaada wa Kanada yaliwanyang'anya Wabarabaig malisho yao bora, jambo ambalo Lane (1996) amelieleza kwa kina. Mgogoro huo huandikwa kama mgogoro wa ardhi, na ndivyo ulivyo. Lakini ardhi ile ilikuwa pia maziwa, na maziwa yalikuwa chakula cha mzazi. Nyumba iliyopoteza malisho ilipungukiwa uwezo wa kumpumzisha na kumlisha mama. Kudhoofika kwa utengano, kwa hiyo, hakuwezi kuhesabiwa kuwa matokeo ya elimu au dini mpya tu. Kwa sehemu, kulitokana na umaskini.

4. Kutoka "mkunga wa jadi" hadi "mhudumu mwenye ujuzi"

Baada ya Mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, mafunzo ya wakunga wa jadi yalichukuliwa kuwa njia ya haraka ya kuokoa akina mama. Mkutano wa Nairobi wa mwaka 1987 uliifanya salama ya uzazi kuwa ajenda ya dunia, na tamko la pamoja la mashirika ya Umoja wa Mataifa la mwaka 1992 bado liliwapa wakunga hao nafasi. Mwishoni mwa muongo huo, hasa baada ya mkutano wa Colombo wa mwaka 1997, mwelekeo uligeuka. Aliyetakiwa sasa ni mhudumu mwenye ujuzi, na mkunga wa jadi akaachiwa kazi ya kumsindikiza mama kituoni.

Istilahi yenyewe ina kasoro. "Mkunga wa jadi" humaanisha mtu mmoja mwenye kazi maalumu. Katika nyumba nyingi za Mbulu na Hanang, waliomzunguka mama walikuwa mama mkwe, wake wenza, jirani na bibi mwenye uzoefu. Hata dodoso za kitaifa zimelazimika kumtenganisha mkunga wa jadi na "ndugu au mtu mwingine". Sera iliyomtafuta mtu mmoja wa kumfundisha, na baadaye mtu mmoja wa kumzuia, haikuuona ujirani uliokuwa ukifanya kazi hiyo.

Hata hivyo, sababu za sera hiyo zilikuwa za kweli. Utafiti uliofanywa katika wilaya hizi mbili kwa mbinu ya kuwauliza watu hatima ya dada zao, na kuchapishwa mwaka 2000, ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 362 kwa kila vizazi hai 100,000 katika sampuli ya kaya, na 444 katika sampuli ya kliniki za wajawazito. Nyuma ya tarakimu hizo kuna wanawake waliofariki kwa kutokwa na damu, maambukizi, kifafa cha mimba na uchungu pingamizi, hali ambazo hospitali yenye damu na chumba cha upasuaji ingeweza kuzikabili.

Kitaifa, uzazi katika vituo ulikuwa asilimia 47 katika utafiti wa mwaka 2004–05, asilimia 50 mwaka 2010, asilimia 63 mwaka 2015–16 na asilimia 81 mwaka 2022. Ni mafanikio yasiyopaswa kubezwa. Lakini katika utafiti ule ule wa mwaka 2015–16, ni asilimia 34 tu ya akina mama waliopimwa afya ndani ya siku 2 baada ya kujifungua. Mwanamke alihesabiwa mlangoni alipoingia. Alipotoka, wengi hawakumtazama tena.

5. Msamiati wa mahali na msamiati wa muda

Kiswahili hakikosi maneno ya kipindi hicho. Neno mzazi lina maana mbili: baba au mama wa mtu, na mwanamke aliyejifungua karibuni. Maana ya pili ndiyo iliyomo katika "wodi ya wazazi". Pwani, arobaini huhesabu siku za mama kukaa ndani, kukandwa na kulishwa. Lakini katika Kiswahili cha sera mzazi amebaki na maana ya kwanza, na nafasi ya maana ya pili imechukuliwa na fungu la maneno, "mama aliyejifungua", linalotazama tendo lililokwisha. Mwanamke akiruhusiwa kutoka wodini, anauacha na uzazi wake huko.

Ajabu ni kwamba tiba yenyewe huhesabu muda. Kifo cha uzazi hufafanuliwa kuwa kile kinachotokea wakati wa ujauzito au ndani ya siku 42 baada ya ujauzito kukoma, kwa sababu zinazohusiana nao. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 ulipendekeza mama na mtoto waonwe katika saa 24 za kwanza, siku ya 3, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya 6. Hesabu hiyo inakaribiana na arobaini, na kimantiki haiko mbali na utengano wa Mbulu: zote zinakubali kwamba mzazi yu hatarini baada ya mtoto kulia.

Pengo la lugha huonekana pia mezani kwa muuguzi. Wanawake wa Kidatooga walioolewa hufuata gíing'áwêakshòoda, desturi ya kuepuka majina ya wakwe na hata maneno yanayofanana nayo kwa sauti, ambayo Mitchell (2015) ameichunguza kwa kina. Kadi ya kliniki hutaka jina kamili la baba wa mtoto, na ndani ya jina hilo mara nyingi limo jina la baba mkwe. Mwanamke anayeishika desturi hiyo huwekwa njia panda: kutamka na kuvunja heshima, au kunyamaza na kuonekana hajui hata jina la mumewe. Muuguzi anayeifahamu desturi humuuliza aliyemsindikiza, na jambo linakwisha.

6. Hitimisho

Historia ya Mbulu na Hanang haitoi hoja ya kuwarudisha wanawake kujifungulia nyumbani. Vifo vilivyorekodiwa vinatosha kuikataa hoja hiyo. Inaonesha, badala yake, kwamba nyumba ilikuwa na kazi mbili: kumpokea mtoto, na kumtunza mzazi hadi arudi katika maisha ya kawaida. Hospitali imeichukua ya kwanza na kuifanya vizuri zaidi. Ya pili imeachiwa nyumba zilizopungukiwa malisho na nafasi, na mara nyingi ujirani uliokuwa ukiisimamia.

Kwa taaluma ya Kiswahili, jukumu lililopo ni mahususi. Istilahi za afya ya uzazi zinapotafsiriwa au kusanifiwa, maana ya pili ya mzazi inapaswa kurejeshwa, na dhana kama metida zichambuliwe kabla ya kuwekwa katika kapu moja la "mila potofu". Ndani ya metida mna mambo ya kuachwa, kama upweke wa mama aliyefiwa na mtoto, na mna mambo ya kubaki, kama haki ya mzazi kupumzika, kulishwa na kutazamwa. Muuguzi anayeuliza "umejifungulia wapi?" ana sababu nzuri ya kuuliza hivyo. Anahitaji pia swali la pili, ambalo nyumba za eneo hili zililijua: mzazi huyu yuko siku ya ngapi, na nani anamtazama?