Mulanda 2008: Kwa Nini Wengi Hawakurudi?

Wafanyakazi wa mashirika ya misaada wamezoea kutuuliza swali moja kuhusu Wakenya waliovuka mpaka mwaka 2008. Mkataba wa amani ulitiwa saini Nairobi tarehe 28 Februari mwaka huo, mbona wengi hawakurudi makwao? Jibu halimo ndani ya mkataba. Inabidi tuanze mbali.

Tukumbushane kwanza. Watu wapatao 12,000 waliingia Uganda kwa njia ya Busia na Malaba. Walihifadhiwa shuleni karibu na mpaka; baadaye wengi wakapelekwa kituo cha muda cha Mulanda, jirani na Nagongera, na kutoka hapo Kiryandongo. Wazee wa West Budama hawakushangaa sana. Wakati wa Amin, waliokimbia walikuwa wakielekea upande wa pili.

Sasa tuitazame Kenya yenyewe. Mwaka 1982 KANU ilifanywa kwa sheria kuwa chama pekee. Mwaka 1988 wananchi walipiga kura ya mlolongo, yaani kupanga mstari nyuma ya wakala wa mgombea, na mahali pengi mwenye mstari mfupi ndiye aliyetangazwa mshindi. Mtu aliyeona kwa macho yake mstari mrefu ukishindwa na mfupi haambiwi tena kitu kuhusu hesabu za serikali.

Vyama vingi vilirudi Desemba 1991. Mwaka 1997 wabunge walipatana kwamba upinzani upendekeze makamishna 10 wa Tume ya Uchaguzi. Yalikuwa makubaliano ya waungwana, hayakuandikwa katika sheria. Hata hivyo yalisaidia: Desemba 2002 KANU ilishindwa na ikaondoka Ikulu kwa amani. Mapema 2003 abiria walikuwa wakiwakemea hadharani polisi wa barabarani waliodai hongo. Imani ilikuwa juu kiasi hicho.

Ilipoteaje basi? Kwa maoni yangu haikupotea siku ya kura. Kabla ya uchaguzi wa 2007 Rais Kibaki aliteua makamishna wapya bila kushauriana na upinzani, na yale makubaliano ya waungwana yakafa. Tarehe 30 Desemba 2007 matokeo yalitangazwa: Kibaki 4,584,721, Raila Odinga 4,352,993. Kiapo kililiwa jioni hiyo hiyo, giza likiingia. Siku chache baadaye mwenyekiti wa Tume, Samuel Kivuitu, aliwaambia waandishi wa habari kwamba hajui kama kweli Kibaki alishinda.

Upinzani uliambiwa uende mahakamani, ukakataa. Wengine waliwalaumu kwa hilo, lakini kumbukeni kisa cha Kibaki mwenyewe: kesi yake dhidi ya Moi ya uchaguzi wa 1997 ilitupwa mwaka 1999 kwa sababu karatasi hazikukabidhiwa Moi mkononi. Anayejua kwamba mlango umefungwa hapigi hodi. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakahama makwao.

Tume ya Jaji Kriegler iliona kwamba matokeo yaliharibika mno hata isiweze kusemwa nani alishinda. Tume ya Uchaguzi ilivunjwa mwishoni mwa 2008, na katiba mpya ikaja 2010. Matokeo ya kila kituo sasa hubandikwa mlangoni, kila mtu ayasome. (Sisi wa kamati tunaielewa faida yake: orodha ya mgao ikibandikwa, kelele hupungua.) Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais, jambo lisilowahi kutokea Afrika.

Lakini mwaka 2022 makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo ya mwenyekiti wao. Kuanzia Januari 2023 hadi Julai 2025 tume haikuwa na mwenyekiti wala kamishna hata mmoja.

Mtu aliyechomewa nyumba Bonde la Ufa hufuatilia habari hizo kwa redio, neno kwa neno. Kwa hiyo mfanyakazi anayemletea fomu ya kurudi kwa hiari asishangae akiulizwa, kabla ya habari za lori na mahindi, makamishna wa sasa waliteuliwa na nani.