Hesabu ya majina: nani aliandika habari za Ebola?

Kuna wataalamu ambao kazi yao ni kuhesabu. Wanachukua magazeti ya kisayansi ya mwaka hadi mwaka, wanahesabu makala yaliyotoka, yalihusu nini, na majina gani yameandikwa juu yake. Inaonekana kazi kavu. Lakini ukihesabu hivyo makala ya Ebola, unapata historia yetu.

Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana uliua watu Yambuku, jimboni Equateur. Daktari Jean-Jacques Muyembe alitumwa kutoka Kinshasa. Aliwatoa wagonjwa damu bila glavu. Alirudi Kinshasa na mtawa mgonjwa, na damu ya mtawa huyo ikapelekwa Antwerp, Ubelgiji.

Tarehe 12 Machi 1977, gazeti la Lancet la Uingereza lilitoa makala matatu kutangaza kirusi hicho kipya. Waandishi walikuwa 15. Hesabu tena: hakuna Mkongomani hata mmoja.

Mwaka 1995 Ebola ilizuka Kikwit. Muyembe na wenzake waliwaongezea wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, na 7 wakaishi. Makala yao yalitoka Marekani mwaka 1999. Safari hii jina la kwanza lilikuwa la Mkongomani, Mupapa, na la mwisho lilikuwa la Muyembe.

Kisha ugonjwa ukafika kwetu Kivu ya Kaskazini. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 uliua watu zaidi ya 2,200 huku na Ituri. Katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, wagonjwa 681 waliingia katika jaribio la dawa nne. Dawa mbili zilishinda nyingine. Moja yazo, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit. Matokeo yalitangazwa mwishoni mwa 2019 katika gazeti kubwa la uganga la Marekani. Jina la kwanza: Sabue Mulangu, Mkongomani. Muyembe anafunga orodha, nafasi ambayo kwa desturi ni ya kiongozi wa utafiti.

Ilichukua miaka zaidi ya 40 kutoka sifuri hadi hapo. Wagonjwa wengi walikuwa watu wetu tangu mwanzo. Majina ndiyo yalichelewa.

Hata leo wanaohamishwa na vita wanaulizwa maswali na kupimwa kambini. Anayekuja na daftari aulizwe kwa heshima: majibu haya yataandikwa kwa jina la nani, na yatarudi kwetu lini?